Moshi Uliopita Kwenye Sega

Kwenye rafu ya kibanda changu cha kuchomea ekzosi, hapa Masasi, nimeweka kipande cha sega nilichokitoa kwenye gari bovu. Ukikielekeza juani unaona vitundu vidogo mno, vimepangana sawasawa, na mwanga unapita. Ndiyo maana mafundi tunaliita sega. Hukaa katikati ya bomba la ekzosi, na kwa muda mrefu nilidhani kazi yake ni kuchuja tu, kama chujio la chai.

Aliyenisahihisha ni mwalimu wa kemia aliyeniletea gari lake. Alikaa juu ya tofali akanieleza taratibu, maana aliona naona haya kuuliza. Alisema petroli ni kaboni iliyovikwa hidrojeni, punje ndogo zisizoonekana. Moto wa injini hauzimalizi zote; nyingine hukimbilia kwenye bomba pamoja na moshi. Kuta za vile vitundu zimepakwa madini adimu, utando mwembamba kuliko vumbi la unga. Punje ikiyagusa, madini huishika, huiambua hidrojeni yake na kuivunja kaboni. Oksijeni inayopita huchukua vipande. Hidrojeni inageuka maji.

"Na madini yenyewe?" niliuliza mwishowe.

"Yanabaki vilevile. Yanangoja punje nyingine."

Mimi niliishia darasa la saba, lakini kubangua korosho nakujua. Mama yangu amebangua tangu usichana wake, kule kwetu Mnyambe, Newala, na vidole vyake vina mabaka ya mafuta ya ganda. Kila msimu ulimwachia alama. Nikawaza juu ya mkono unaobangua moshi, mchana kutwa, mwaka hata mwaka, usipate hata doa moja. Mwalimu alipoondoka nilikaa na kile kipande mkononi mpaka mteja mwingine akanipigia honi.

Ikaja siku mjomba alipoteremka kutoka Newala na pikapu yake. Alimleta mama hospitali, kwa ajili ya kifua kilichomsumbua tangu masika. Gari waliliacha kwangu asubuhi. Waliporudi alasiri lilikuwa limeshapoa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Bado hujaanza? Gari halina nguvu, mpwa wangu. Ule mlima wa kwetu juzi nusura abiria washuke wasukume. Kata hilo sega, weka bomba tupu."

"Daktari amesema nikae mbali na moshi," mama alisema, akishika bakuli lake la uji la hospitali.

"Basi umepona kupika, dada!" Mjomba akacheka.

Mama hakucheka. "Moshi wenyewe ni wa gari lako. Huko nyuma, chini ya turubai, unanikaba njia nzima."

Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. Hata baba husubiri mjomba aseme kwanza. Nami tangu utotoni nikiwa mbele yake ulimi hunata. Lakini nilijua kwamba nikilikata lile sega, mama atapanda mlima akivuta moshi mbichi, na si safari hiyo tu, bali kila safari ya hospitali. Nikaingia uvunguni ili nisijibu. Huko nikaona tundu kwenye bomba, kabla ya kufika kwenye sega, chini kabisa ya mahali anapokaa mama.

Nikatoka nikawasha gari. Mara matone yakaanza kudondoka mwisho wa bomba, tik, tik. Kwa mtu wa Newala, aliyekulia kwenye ndoo za kubebwa kutoka bondeni, maji yakidondoka hayaachwi. Mama akainama akaweka bakuli lake.

"Mwanangu, hili gari linalia maji!"

"Yametoka kwenye petroli, mama. Usinywe. Sogea mbali kidogo."

"Petroli ina maji?" Mjomba akaniangalia kama niliyemtukana. "Wameniuzia ya kuchakachua?"

"Hapana, mjomba. Hidrojeni..." Neno likanikwama.

Tukangoja injini ichemke. Matone yakakoma, yakawa mvuke. Nilijua sasa sega limepata moto na yale madini yako kazini. Maneno yalikuwa yamenikataa, basi nikamshika mjomba mkono, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikamchutamisha ubavuni mwa gari.

"Nusa hapa. Kidogo tu."

Akanusa karibu na lile tundu. Macho yakajaa machozi, akakohoa akitukana kwa Kimakonde. Nikampeleka nyuma.

"Na hapa."

Akanusa. Akangoja. Akanusa tena.

"Huu si moshi wa gari hili," alisema.

"Ndio huohuo, mjomba. Ila huu umepita kwenye sega." Nikavuta pumzi. "Mimi sitalikata."

Mjomba alisimama akimtazama mama, kisha bakuli, kisha mimi. Nilingoja anifokee.

"Dada," alisema, "mwanao ameanza kusema. Sasa nani atamnyamazisha?" Halafu kwa sauti ya chini, "Na mlima je?"

Nikafungua chujio la hewa. Lilikuwa limejaa vumbi jekundu la huko kwetu, injini inavuta pumzi kama mtu aliyefunikwa blanketi. Nikalikung'uta mpaka likapitisha mwanga. Kisha nikaziba lile tundu kwa kiraka, nikachomea, nikawasha injini tena, nikapitisha kiganja kwa mbali kuzunguka mshono wote. Hakuna kilichovuja. Mama alipokuja kutazama, nikamweleza habari za madini ya sega, yanavyobangua moshi mchana kutwa.

Waliondoka jua likiwa bado juu. Sikuweza kufanya kazi. Nilikuwa nauona ule mlima, gari likiunguruma, na ndani ya bomba punje zisizo na idadi zikishikwa, zikiambuliwa, zikiachiliwa, chini ya mama yangu, naye haioni hata moja.

Magharibi simu ikalia.

"Tumefika," mama alisema. "Nimelala njia nzima. Mjomba wako ndiye aliyeniamsha." Sikusikia kikohozi. "Na hayo madini yako, mwanangu, hayajachoka?"

"Hayachoki, mama."

"Haya. Yape pole hivyohivyo."