Meza Moja, Nyumba Tano

Nabwire alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutuma watu. Alikuja Eldoret kutoka upande wa Kimilili kumfuata mumewe Murunga, mpasua mbao. Walipewa chumba kimoja kwenye lokesheni, mtaa wa Waafrika, chumba ambacho mtu akitaka kugeuka kitandani ilibidi mwenzake akubali kwanza.

Mwaka wa hamsini na mbili serikali ilileta mpango. Waafrika wa mjini, ilisema, lazima wafundishwe kuishi kizungu. Mke akifaulu ukaguzi, familia yake itahamia nyumba ya vyumba viwili. Kufaulu kulitaka meza yenye kitambaa cheupe, sahani, uma na visu. Kula chini kwenye mkeka kulikatazwa. Mkaguzi alikuwa memsahabu, bibi wa Kizungu mrefu mwembamba, aliyevaa glavu hata jua likiwaka. Wanawake walimwita Mama Uma. Alifuatana na Esther, mwalimu kutoka Sugoi, aliyemtafsiria.

Shida ni kwamba safu yao ilikuwa na nyumba tano na meza moja tu, ile aliyoiunda Murunga kwa mabaki ya mbao.

"Basi itatembea," Nabwire aliwaambia majirani. "Mama Uma akitoka kwa mbele, nyinyi mnaibeba kwa mlango wa nyuma."

"Na akigundua?" Namalwa wa nyumba ya mwisho aliuliza.

"Agundue nini? Huyo anaangalia kitambaa, haangalii miguu ya meza."

Alhamisi ikafika. Nyumba ya kwanza ikapita. Ya pili pia, ingawa uma mmoja ulianguka kwenye matope njiani ukafutwa haraka kwa leso. Ya tatu ilikuwa ya Nabwire. Memsahabu alitazama, akaandika, halafu badala ya kutoka akavuta kiti akaketi.

"Mimi nachoka," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Leta chai."

Nabwire alimimina. Kikombe kilifurika, doa kubwa la chai likaenea kwenye kitambaa. Nyuma ya mlango, Mama Kituyi wa nyumba ya nne alikohoa. Akakohoa tena. Memsahabu akaomba kikombe cha pili.

"Mwalimu," Nabwire alimwambia Esther, uso umetulia kama yuko kanisani, "mwambie kwetu mgeni hanywi chai tupu. Lazima ale. Na mara ya kwanza anakula kwa mkono, hapa chini, akiangalia mlango wa mbele, ndiyo baraka zikiingia zimwone."

Esther alijua hakuna desturi kama hiyo, si kwa Wabukusu wa kwao Nabwire, si kwa Wanandi wa kwao mwenyewe. Alimeza kicheko, akatafsiri neno kwa neno.

Memsahabu alivua glavu polepole. Akakaa kwenye mkeka, mgongo kwa meza, mbele yake ugali na kuku.

"Bonyeza na kidole gumba, memsahabu. Tengeneza kijiko."

Aliungua vidole, akavipuliza, akajaribu tena. Nyuma yake meza na kiti viliinuka mikononi mwa majirani vikaelekea mlango wa nyuma. Kiti kilipogonga ukuta, Nabwire aliangua wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa, na Esther akamsaidia kiitikio.

Katika nyumba ya nne, memsahabu aliweka kidole juu ya doa la chai. Lilikuwa bado bichi.

"Meza hii ya lini?" aliuliza kupitia kwa Esther.

Mama Kituyi alitazama miguu yake mwenyewe. "Ya zamani sana. Ilikuja na mahari."

Memsahabu alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Nyumba ya tano mimi hapana ingia," alisema. "Meza napumzika kwanza." Akaandika wote watano wamefaulu.

Walihama mwezi wa nne. Memsahabu naye alianza kuja Jumamosi, peke yake, kula kwa Nabwire. Alipopata uhamisho wa kwenda Kisumu, alikuja kuaga akaomba afundishwe kupika kunde. Alisimama karibu na jiko, macho yanamtoka machozi ya moshi, akiandika kila kitu kwenye daftari lake la ukaguzi.

"Utampikia nani huko?" Nabwire aliuliza.

"Bwana yangu. Yeye hapana jua kula na mkono." Akafunga daftari. "Mimi tafundisha yeye."