Dakika Hamsini Tu

Pale kiwanja cha ndege walimwita Bi Mizani, na jina lilimkaa sawasawa. Ndege yao ni ndogo, ya kupimiwa kila kitu: begi, boksi, hata abiria mwenyewe anapanda mizani. Umwombe akusamehe kilo mbili? Utabembeleza mpaka mate yakauke.

Abiria mwenye hofu ya safari, Bi Mizani humtuliza kwa neno moja: "Dakika hamsini tu. Ukisinzia, umefika." Na huko mwisho wa hizo dakika ndiko alikoishi mama yake mzazi, nyumba iko chini kabisa ya njia ya ndege. Kila ikipita mchana, mama hupiga simu. "Ndege yako hiyo imepita. Leo nayo haikukuleta?"

"Mwezi ujao, mama." Pakiwa karibu namna hiyo, haraka ya nini?

Jumatatu dada yake mkubwa akapiga. "Mdogo wangu, mama amegoma kula. Njoo, nakuomba."

Basi lilikuwepo jioni hiyohiyo, la kulala njiani na kufika kesho yake jioni, mgongo hoi. Bi Mizani akalidharau. Yeye mtu wa ndege, apande basi? Tiketi ya mfanyakazi anayo, na sharti lake analijua: uzito ukizidi, mfanyakazi anashuka kwanza.

Jumanne ukazidi. Akajishusha mwenyewe, maana mwenye mizani ni yeye. Jumatano akaletwa mgonjwa wa machela, na hapo utamlaumu nani? Akapiga simu, dada akamwekea mama sikioni.

"Mama, kesho nakuja. Dakika hamsini tu."

"Mlango nimeuacha wazi," mama akasema kwa shida.

Alhamisi uzito ukazidi kilo tatu. Mpakiaji mizigo, mtu waliyetaniana naye miaka yote, akamsogelea. "Dada, andika pungufu. Kilo tatu ni kitu gani? Nani atajua?"

Jamani, alitaka! Akawatazama abiria waliokaa kwenye benchi, mmoja anamnyonyesha mtoto, akaandika kilo zote kama zilivyo. Kisha akachukua begi lake, akajifungia chooni, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia.

Ijumaa alfajiri simu ya dada ikalia, na kabla hajaipokea alishajua. Siku hiyo viti vilikuwa vitupu, ukitaka unakaa viwili. Rubani akatangaza muda wa safari, na Bi Mizani akalia muda wote huo. Lile basi la Jumatatu lingemfikisha Jumanne jioni, mama akiwa bado anaongea. Hilo ndilo lililomkata maini.

Alipofika, dada yake akamkumbatia mlangoni. "Hakukulaumu, mdogo wangu. Jana ndege ilipopita, akatuambia tukae kimya tusikilize hatua zako. Tukakaa kimya mpaka jioni."

Sasa amerudi kazini, na mizani yake ni ileile, hasamehe mtu. Ila juzi kijana mmoja mwenye tiketi ya wiki ijayo alimuuliza kama ni mbali, maana anaenda kumwona baba yake ambaye hajisikii vizuri.

"Ni mbali, mwanangu," Bi Mizani akamjibu. "Mbali sana. Basi linaondoka leo jioni. Kimbia."