Neno Lililofunikwa kwa Tiii

Nakumbuka siku wimbo wangu ulipopigwa redioni kwa mara ya kwanza, mwanangu. Nilikuwa msichana wa kuvuna chumvi Marereni, miguu imenikauka hata mbu akiniuma anavunjika mdomo.

Wimbo niliutunga kazini nikaenda kuurekodi Malindi. Ulisema: "Usiku kucha namuota mnyapara, aniita, amka, kumekucha." Basi, ndiyo hayo tu. Mtu kachoka, hata usingizini anamsikia msimamizi wake akimwita kazini. Lakini mkuu wa redio aliwaogopa wenye chumvi, maana matangazo yao ndiyo yaliyomlisha. Neno mnyapara akalifunika kwa mlio, tiii! Ulikuwa mkali hata kuku wa Kilifi nzima wakaacha kutaga.

Sasa wimbo ukawa: "Usiku kucha namuota tiii, aniita." Ungewaona watu wa pwani hii! Kufikia adhuhuri kila mtu alikuwa na jina lake la kuweka pale. Wengine walisema ni muuza mitumba, wengine mume wa mwalimu, wengine wakaapa ni padre. Ningewaota wote niliosingiziwa, hadi leo nisingeamka.

Na mimi nilikuwa mchumba wa Charo wa Tezo. Jumamosi hiyo watu wake walikuwa waje na mnazi wa posa, baba aunywe, mambo yaishe. Hawakuja. Mamake Charo, mavyaa wangu mtarajiwa, alituma neno moja tu: "Mwambieni binti akaolewe na huyo tiii wake."

Nilijifungia chumbani nikalia, chumvi ya machozi yangu ingetosha kujaza gunia. Nyanya yangu, hawe Kadzo, akaingia bila hodi.

"Nyamaza! Wimbo ni wa nani?"

"Wangu, hawe."

"Mbona umewaachia majirani wakumalizie?"

"Ni redio iliyokata, si mimi."

"Redio imekata neno. Mdomo wako kaukata nani? Jifunge leso, twende Tezo."

"Kwa mavyaa, kabla ya posa? Si aibu, hawe?"

"Aibu ni hiyo tiii. Twende!"

Tulimkuta mavyaa uani, amekalia mbuzi anakuna nazi. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba kama anayetema dawa chungu, mkono haukusimama. Hawe akanisukuma mgongoni. Nikaimba. Magoti yalinitetemeka, nadhani hata watu wa Mnarani walidhani ni tetemeko la ardhi. Nilipofika pale pa tiii nikalitamka neno langu zima, kisha nikalirudia.

Mkono ukasimama.

"Mnyapara?"

"Mnyapara, mama. Wa Marereni."

Akaitazama miguu yangu ilivyopasuka. Akaitazama sana. Kisha akacheka hadi nazi ikamponyoka. "Huyo hata mimi nilimuota! Kabla sijaolewa, nikivuna chumvi kama wewe. Na sura yake mbaya, Mungu anisamehe!"

Jumamosi iliyofuata mnazi ukaja, baba akaunywa. Harusini mavyaa ndiye aliyeuimba wimbo kwa sauti kubwa kuliko wote. Redio iliendelea na tiii yake, lakini kila ilipolia, dukani, kinyozini, hata kwenye foleni ya maji, watu walipaza sauti pamoja: "Mnyaparaaa!" Mwishowe mkuu wa redio akaiondoa mwenyewe. Ilikuwa haifuniki kitu tena.

Mwanangu, nakwambia haya kwa sababu juzi ulinijia umenuna, wimbo wako nao umekatwa. Sisemi kila upuuzi upigwe hewani watoto wakinywa uji. Yapo mengine nikiyasikia natamani ile tiii irudi, tena iendelee mpaka taarifa ya habari. Kwa hiyo, kabla hujaupeleka wimbo redioni, jiulize kama unaweza kuuimba uani kwa mavyaa wako, mchana, ukimtazama usoni. Ukishindwa, kaa chini uandike upya. Ukiweza, basi hata wakikukata usijifungie chumbani. Nenda mwenyewe kwa wale ambao heshima yao unaihitaji, ukawaimbie wimbo mzima. Pengo ukiliacha wazi, watu watalijaza, na hawatalijaza kwa mema.

Mungu akupe sauti isiyokauka na moyo usiotetemeka kama magoti yangu. Akupe na mavyaa anayejua kucheka. Amina. Haya, simama, niimbie huo wako. Wote.