Bado Kidogo Kwenye Lango la Kiwanda cha Barafu

Kwenye kikosi cha zimamoto walimwita Bado Kidogo, kwa sababu maneno hayo aliyasema kuliko salamu. Kazi ya dada huyu ilikuwa kemikali. Lori la tindikali likipinduka, mtungi ukivuja, yeye ndiye aliyetangulia, kipimo cha gesi mkononi na simu pana ya kikosi ikining'inia shingoni, kuwaambia wengine wakae wapi.

Asubuhi moja bomba la amonia, gesi kali ya kugandishia, lilipasuka kwenye kiwanda cha barafu. Fundi aliwahi kufunga valvu, wafanyakazi wakatoka salama, wakajipumzisha kivulini ng'ambo ya barabara. Mpakiaji mmoja miongoni mwao alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake.

Bado Kidogo alivaa lile vazi zito lisilopitisha hewa, akaingia, akatoka jasho limejaa mpaka kwenye buti. Namba za kipimo zilikuwa juu mno. Akavua glavu, maana kioo cha simu hakimtambui mwenye glavu, akaandika jina la gesi. Ramani ikafunguka na doa jekundu la gesi likifuata upepo. Alipoitazama tena baadaye, upepo ulikuwa umegeuka. Doa limelalia kile kivuli.

"Jamani, tuhame. Mpaka kule ukutani."

"Tena?" meneja wa kiwanda akafoka. "Hapa hata harufu hakuna!"

Shemeji yake akacheka. "Shemeji, huo upepo uko kwenye simu au uko hapa?"

"Uko njiani. Hebu inuka."

Wakainuka shingo upande, wakaenda kukaa juani. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Simu ilikisia tu, na kipimo kilijua pale kiliposhikwa, basi. Yaliyobaki yalikuwa juu yake, na miguu yake ilikuwa inawaka moto. Kila meneja alipouliza kama warudi ndani, jibu lilikuwa lilelile, hadi wapakiaji wakawa wanamjibia kwa pamoja: "Bado kidogo!" Naye akacheka nao, ingawa hata kicheko kilimchosha.

Alasiri namba zikashuka. Akaingia tena, akapima kona kwa kona, ndipo akafungua lango. Watu wakampita bila kumtazama. Je, ile hewa ilifika kivulini? Nani angejua, na hapakuwa na mtu pale? Kazi yake ikienda vizuri haiachi ushahidi.

Jioni alipitia kwa mdogo wake, akajitupa kwenye kochi. Shemeji alikuwa amenuna.

"Leo umetuchosha."

"Nimejichosha mimi kwanza."

Mdogo wake akapiga magoti, akamvua buti moja, akaguna alipoona soksi imetoboka. Shemeji akalisogeza lile buti ukutani.

"Tulipokuwa tunahama macho yaliniwasha," akasema. "Nilidhani ni vumbi."

"Huenda lilikuwa vumbi kweli, shemeji."

Mdogo wake aliposhika buti la pili, dada mtu tayari alikuwa anakoroma.