Kwetu Mgeni Ndiye Hufungua

Kiangazi kilichopita nilirudi Kasongo kwa shughuli za shule ninayofundisha huko Kindu, na jioni moja nikapita karibu na soko nikasikia mlio ambao sikuwa nimeusikia kwa miaka mingi. Ulikuwa mlio wa mipira ya biyari, mchezo wa meza na fimbo, ikipigwa kwa nguvu. Vijana wa pikipiki walikuwa wameweka meza ndogo chini ya turubai, wanacheza ule mchezo wa siku hizi ambao kila mmoja ana mipira ya rangi yake, na anayefungua, yaani anayepiga wa kwanza, anarudi nyuma kama mtu anayetaka kuvunja mlango. Mipira ilitawanyika, wenzake wakacheka, muziki ukaendelea. Nikasimama pale na mfuko wangu wa samaki mkononi, na upweke ulionishika, rafiki yangu msomaji, ulinilazimisha nijifanye natafuta kitu ndani ya mfuko. Vijana wale hawana kosa. Ni mimi tu niliyelelewa kando ya meza ambayo kuifungua kulihitaji mtu afikiri kwanza.

Meza yetu ilikuwa pana kuliko kitanda cha harusi. Babu alikuwa ameachiwa na Mgiriki mmoja mfanyabiashara ambaye babu alimlindia nyumba, na ambaye siku ya kuondoka hakuwa na namna ya kuibeba. Babu sikumkuta. Nilichokikuta ni meza yenyewe, barazani kwa bibi, miguu yake imewekewa vipande vya matofali kwa sababu sakafu yetu ya udongo haikuwahi kunyooka. Kuku walitagia chini yake. Wakati wa mavuno mvua ilipotishia, bibi aliifunika kwa mikeka akamwaga mpunga juu yake, na mwanamume aliyekuja kuulizia mchezo aliambiwa aende akapumzike kwa mke wake. Alikuwa na ulimi, bibi yangu. Sisi sote tulimwita Tate, neno la kwetu la bibi.

Tuliishi wawili tu katika nyumba ile. Mama alikuwa ameachana na baba, amerudi kwao upande wa Kabambare, akaolewa huko. Baba alikuwa machimboni, upande wa Lusangi, akitafuta dhahabu. Majirani walikuwa na watoto wengi, lakini magharibi ilipoingia kila mtoto aliitwa kwao, nami nilibaki na bibi na kuku. Asubuhi niliteka maji, nikafagia uwanja, kisha nikapiga brashi kitambaa cha kijani cha meza, daima kuelekea upande mmoja, kama unavyomlaza paka manyoya. Mchana nyumba ilinukia sombe, yaani majani ya muhogo, na mawese, na siku njema samaki mkavu aliyeletwa kutoka Nyangwe. Alasiri wanaume walianza kuingia mmoja mmoja, na bibi aliwauzia chai ya tangawizi na mikate ya mchele aliyoikaanga asubuhi.

Mchezo wetu ulikuwa wa zamani. Mipira yote ilikuwa ya wote, hakuna chako wala changu. Kabla ya kupiga ulitaja mpira gani na shimo gani, na ukiutia pale pale ulipotaja, umepata pointi na unaendelea. Ukikosa, unakaa. Sasa fikiria mwenye kufungua: mipira imebanana kwenye pembetatu, hana hata mmoja anaoweza kuutaja kwa uhakika. Tena akiipiga kwa nguvu, itasambaa meza nzima na mwenzake atakula kama mtu aliyekuta sahani imeandaliwa. Kwa hiyo fundi wa mchezo aliigusa tu. Alichagua mpira wa pembeni katika safu ya nyuma, akaugonga ubavuni kwa wembamba wa ukucha. Mipira miwili ikatoka ikagusa kingo kama sheria inavyotaka, na ule mweupe wa kupigia ukazunguka polepole ukarudi kulala ng'ambo ya pili, mbali na kila kitu. Kwenye meza yetu ilibidi pia uchague pembe ya kushoto au ya kulia, kwa kuwa upande wa barabara ulikuwa umelala kidogo. Jirani yetu, fundi wa cherehani, aliweza kushika kidevu akitazama pembe hizo mpaka chai yake ikapoa.

Kwa kifupi, katika mchezo ule wa kwanza ndiye mwenye taabu. Na hapo ndipo tabia ya watu wa Kasongo ilipoingia. Kwetu mgeni hutangulizwa katika kila jambo. Maji ya kunawa huletewa yeye kwanza, mkeka mzuri hutandikiwa yeye, paja la kuku ni lake. Basi na biyari ni hivyo hivyo. Mgeni akiingia, bibi alikuwa akichukua fimbo yeye mwenyewe, anampa kwa mikono miwili, anasema, "Mugeni afungue." Wachimbaji na wachuuzi kutoka Bukavu na Uvira walifurahia heshima hiyo, wakafungua, wakafungwa. Kila mtu barazani alijua kwamba tunamwonea, na hakuna aliyethubutu kuiacha desturi, maana mgeni hawezi kuwa wa pili. Fundi cherehani alisema, "Heshima ya hapa iko na meno."

Lakini kulikuwa na njia ya kuikataa. Mtu wa nyumbani aliyekuwa safarini akirudi, bibi alimpa fimbo vilevile, nusu kwa mzaha, naye aliisukuma irudi. Nakumbuka fundi cherehani aliporejea kutoka Kindu alikokwenda kutibiwa muda mrefu. Bibi akamnyoshea fimbo. Akaitazama, akasema, "Miye mugeni wa nani, Tate?" Watu wakacheka, akapewa kigoda chake cha zamani, na tangu dakika ile ikawa kama hakuwahi kuondoka.

Kufungua alinifundisha baba. Kuna masika moja alikaa nasi muda wote, barabara za machimboni zilikuwa zimeharibika, na kila alasiri mvua ikinyesha aliniweka juu ya gogo ili nifikie meza. Mkono wake ulikuwa mkavu, umejaa mikwaruzo, na ulinuka moshi wa sigara. "Gusa tu," alikuwa akisema. "Mwenye haraka, meza inamucheka. Weye gusa, kisha ukae ungoje." Sidhani nimewahi kuwa na furaha kama ya masika ile. Mchezo wetu mmoja ungeweza kuchukua alasiri nzima, yeye ananifichia mpira mweupe, nami namfichia, hakuna anayemwachia mwenzake kitu. Nilitaka usiishe. Nadhani na yeye alitaka hivyo, ama ndivyo ninavyopenda kuamini.

Barabara zilipokauka aliondoka. Mwanzoni alikuwa akirudi kila mavuno, kisha akaruka mavuno, kisha tukawa tunaletewa salamu tu na watu waliopita njia ya Wamaza. Nilizoea kucheza peke yangu asubuhi kabla wanaume hawajaja. Nilipanga mipira, nikafungua kwa upole kama nilivyofundishwa, halafu nikazunguka meza nikasimama alipokuwa akisimama yeye nikajijibu. Upande wake niliuchezea vizuri zaidi kuliko wangu. Bibi alinitazama kutoka kwenye ungo wake wa mchele, akasahau kupepeta.

Mwaka mmoja, mavuno yamekaribia, mchuuzi akaleta habari kwamba baba yuko njiani. Bibi akachinjisha jogoo kabla hata hajafika. Usiku ule nikiwa nimejilaza nilimsikia akimwambia fundi cherehani uani, "Mutoto yangu akirudia safari hii, nitamuambia abakie. Shamba iko, nyumba iko, mutoto wake iko hapa." Nikajua basi kwamba hili lilikuwa jambo la kuamuliwa, kwamba baba angeweza kubaki au kutobaki. Nilikuwa sijawahi kufikiri hivyo. Nilidhani yuko mbali kama mvua ilivyo mbali wakati wa kiangazi, na kwamba itarudi tu.

Alifika mchana, nyuma ya pikipiki ya mtu, amevaa shati zuri la mikono mirefu. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinishika kichwa, akasema nimerefuka, akala wali na jogoo, akamshukuru mama yake kwa maneno mengi mazuri. Alishukuru mno. Nilikuwa mtoto lakini nilisikia kwamba mtu hashukuru hivyo kwao.

Alasiri baraza likajaa. Niliipanga mipira mwenyewe, nikaisukuma pembetatu mpaka ikabanana, nikaiondoa bila kuitikisa. Bibi akanyanyuka. Akaichukua fimbo ukutani, akaipangusa kwa khanga yake, akampa baba kwa mikono miwili, akasema, "Mugeni afungue."

Watu walitabasamu wakimngoja aseme neno lake. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, ninalitaja lile neno moyoni ili nimsaidie. Sema, baba. Mgeni wa nani. Bibi hakuachia fimbo mara moja. Niliona mikono yote minne juu yake.

"Asante, mama," akasema baba, akaikamata.

Hata sasa sijui kama aliona nyuso zetu. Aliinama nyuma ya mpira mweupe, na mimi bado nilikuwa na tumaini moja dogo, la kipumbavu, kwamba atachagua mpira wa pembeni. Kwamba ataugusa kwa wembamba wa ukucha na tutakaa alasiri nzima, na alasiri nzima ikimpita labda atakumbuka. Hakutazama pembe ya kushoto wala ya kulia. Akavuta mkono, akapiga katikati kwa nguvu zote. Mipira ikasambaa meza nzima, mmoja ukaruka ukaanguka kwa kuku.

Kisha akaegemea nguzo, akatazama barabara. Zamu ikawa yangu, na mbele yangu kila mpira ulikuwa wazi. Nilianza kutaja na kutia, kutaja na kutia, na wanaume wakasogea karibu kwa kuwa hawakuwa wamewahi kuona msichana akicheza hivyo. Nilicheza vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, na kila mpira ulioingia niliuchukia. Nilipokosa alipiga haraka, akakosa, nikaendelea. Mwishoni akanipiga bega. "Umekuwa mukubwa," akasema. "Umenishinda."

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi alikuwa amekwisha kumtilia jembe mpini mpya, wa mti mzuri. Baba hakuifikia siku ya tatu. Mwenye pikipiki alimpitia kulipokucha, nao wakashika njia ya Lusangi.

Nilimkasirikia bibi, si baba. Wiki nzima sikumjibu vizuri. Mwisho nilimuuliza kwa nini alimwita mgeni mbele za watu, kama si yeye baba angekaa. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha. "Miye sikumufanya mugeni," akasema. "Nilimungojea aseme kama yeye si mugeni. Akakamata fimbo." Akapuliza makapi. "Afazali tujue, mutoto wangu. Kungoja mutu mwenye hatarudi, ile kazi haina mushahara."

Vyote hivyo havipo tena. Bibi amelala makaburini, fundi cherehani pia, na ile meza ilioza miguu mpaka watu wakagawana mbao zake. Sijakutana na mtu mwingine anayeucheza mchezo ule. Nikieleza huko Kindu kwamba zamani mtu alifungua kwa kugusa, watu husema huo ulikuwa mchezo wa waoga. Sibishani nao.

Baba alikufa nikiwa nimeanza kazi. Nilipata habari nikasafiri hadi Lusangi, kwa pikipiki na sehemu nyingine kwa miguu, nikiwa nimefunga khanga ya msiba kiunoni, tayari kulia na kupika na kuosha vyombo kama mtoto yeyote aliyefiwa. Nilimkuta mke wake, mama mpole, na watoto wao wakubwa wenye paji la uso kama langu. Walinipokea vizuri sana. Walininawisha mikono, wakanitandikia mkeka mpya mahali penye kivuli, wakaniletea chakula kabla ya wazee. Nilimwona dada yangu mdogo, ambaye jina lake nililijua siku ile, akipita na ndoo, macho mekundu, akifokewa na mama yake mkubwa kwamba maji yamekwisha na yeye amezubaa. Nikanyanyuka nimpokee ndoo. Mama mkubwa huyo akanishika mkono kwa heshima, akanirudisha kwenye mkeka. Nikakaa. Kwa muda wote wa matanga ya baba yangu, hakuna mtu aliyenituma hata maji.