Fundi rangi agoma kuuficha ukuta mbovu

Saa moja asubuhi, vumbi la plasta limeshamjaa Mama Brashi hadi kwenye kope. Yuko juu ya ngazi ya mbao sebuleni, kikwangulio mkononi, anabandua rangi iliyopakwa juzi tu. Inatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake kuna doa jeusi, bichi, linanuka ukungu.

Rangi ya juzi inabanduliwa leo? Jamani, hapo ndipo damu inapochemka.

Nyumba ni ya mwalimu mstaafu, mjane, ambaye magoti yamemgomea na anataka kuhamia karibu na binti yake. Hana kingine cha kuuza. Dalali akampa maelekezo: ule ukuta upigwe rangi haraka haraka, kabati lisogezwe mbele yake, na manukato yapulizwe chumba kizima kabla wageni hawajaingia. Akaleta na kibarua wake wa kuifanya kazi hiyo. Wanunuzi wawili wakaja, wakanusa, wakaaga kwa adabu. Hawakurudi.

"Ukuta mmoja unang'aa, kuta tatu zimechoka, halafu sebule inanukia kama saluni," anasema Mama Brashi huku akikohoa. "Nani hatajiuliza? Wanadhani watu huacha pua zao nyumbani."

Ndipo Mwalimu akamwita yeye, fundi wa miaka kumi na tisa.

Na anajua anachokisema, maana miaka minane iliyopita alifunika ukuta kama huu kwa mikono yake, ada ya mtoto ikiwa imemkaba. Mvua za kwanza tu, rangi ikavimba. Mnunuzi alimtafuta dalali wa nyumba ile, kumbe ameshabadili namba. Akamfuata fundi, mgongoni amebeba mtoto aliyebanwa kifua.

"Hakunitukana," anasema. "Aliniuliza tu kama mimi ningelala mle na wangu. Afadhali angenitukana."

Tangu siku hiyo hafuniki. Madalali watatu wameacha kumpigia kwa sababu hiyo. Zamani alipata nyumba tano kwa mwezi. Sasa akipata mbili anashukuru.

Saa nne dalali anaingia, anaukuta ukuta uko uchi, anashika kiuno. Kuna mnunuzi saa nane. Anamwambia Mwalimu kwamba huyu mama amekuja kumfilisi, kisha anageukia ngazi.

"Dada, wewe ni fundi rangi au daktari?"

"Ningekuwa daktari ningeanza na wewe," anajibiwa, na kikwangulio hakisimami.

Uamuzi ni wa Mwalimu. Fundi bomba ameshagundua kwamba maji yalikuwa yakivuja kutoka bomba la bafuni, upande wa pili wa ukuta, na jana alilibadilisha.

"Uache hivyo hivyo, mwanangu," Mwalimu anasema kutoka kitini. "Nimesimamia mitihani miaka thelathini. Anayeibia majibu namjua kwa anavyojikausha."

Saa nane anafika mwanamke mmoja na kaka yake. Kabati limeondolewa, madirisha yako wazi. Mama Brashi anawaonyesha doa, anawapeleka bafuni kuliona bomba jipya, anawaeleza kwamba ukuta unahitaji wiki tatu kukauka kabla haujaguswa na brashi. Mwanamke anaweka kiganja ukutani. Halafu anaomba bei ipunguzwe kwa gharama ya kumalizia ukuta tu, na anauliza lini aje na mwanasheria.

Na nani anaruka wa kwanza kushika mikono ya watu? Dalali. Anahubiri uwazi kana kwamba ameuzaa yeye. Kamisheni yake ataipata yote, bila hata chembe ya vumbi kwenye shati. Aliyeokoa mauzo ataondoka na ujira wa siku moja.

Mama Brashi amechoka na hesabu za namna hiyo. Anataka kuanza kukagua nyumba kabla hazijatangazwa, awaambie wenyewe ukweli mapema. Kibao ameshakichonga, maneno ameshayachagua: "Unauza nyumba? Niite mimi kabla ya dalali."

Mahali pa kukitundika pia amepata, kwa fundi cherehani, mkabala kabisa na mlango wa ofisi ya dalali.