Kilomita Sitini na Moja

Ting. Ting. Ting. Mlio mdogo, kama kijiko kinagonga kikombe. Nikiusikia hata kwa simu ya mtu, nageuka kutafuta gari. Kosa lilikuwa langu, na nimechoka kusikia watu wakimlaumu anko.

Mimi nauza kava za simu hapa Keumbu. Shule niliachia kidato cha pili, lakini magari nayapenda kupita kiasi. Video za magari ya umeme nimetazama mpaka nyumbani wakaanza kuniita injinia. Walikuwa wananitania tu. Mimi nikaamini.

Nyanya alifiwa na dada yake wa pekee, kule upande wa Nyamarambe. Mazishi yalikuwa Ijumaa saa saba, na hayangengoja mtu, kwa sababu jioni Sabato inaingia na waumini lazima wawe wamefika kwao. Anko akaja kutubeba, nyanya, mimi na binamu wawili, na gari la umeme aliloazimwa na bosi wake. Yeye amezoea ya petroli.

Tulipofika Kisii mjini akapunguza mwendo. "Kuna mahali pa kuchaji hapa. Tuweke nusu saa?"

Nikaangalia kioo cha mbele ya usukani. Chaji iliyobaki: kilomita sitini na moja. Safari iliyobaki haikufika arobaini.

"Twende tu, anko. Itabaki nyingi."

"Na hii milima, injinia?"

"Tukiteremka linajichaji lenyewe. Tulichotumia kupanda kinarudi."

Nyanya akacheka huko nyuma. "Kumbe ni kama ng'ombe. Likishuka mtoni linakunywa."

Ukweli ni kwamba nilitaka tufike mapema, wasichana niliosoma nao wanione nikishuka kwa gari lisilo na sauti. Hiyo nusu saa nilimnyima nyanya kwa sababu ya maringo yangu.

Sikujua kwamba gari lilipiga hesabu kwa ile njia anko aliyokuwa amekuja nayo, akiwa peke yake, akienda polepole. Sasa tulikuwa watu watano, na mikungu ya ndizi kwa buti, tunapanda. Namba ikaanza kuanguka. Arobaini na tano. Thelathini. Tukiteremka inarudi mbili, tatu, halafu kilima kinachofuata kinachukua nane.

Anko akanitupia jicho. Nikasema, "Itarudi." Nilikuwa nimeshajua haitarudi.

Ting. Ting. Ting. Gari likalia kwamba chaji imekwisha, tukasimama kando ya shamba la migomba.

Gari la namna hiyo likizima halitoi moshi wala kelele. Kwa hiyo tulisikia vizuri kabisa: ng'ambo ya bonde, watu wanaimba. Nyanya akashuka, akashika mlango, akasikiliza.

"Huo ni wimbo wa kumshusha," akasema.

Mpaka tupate pikipiki ya kumbeba, mpaka afike, vijana walikuwa wanasawazisha udongo kwa majembe. Alisimama pale na mkono wazi. "Sikumtupia hata konzi moja ya udongo," akaniambia. Halafu, kwa sababu nilikuwa nalia, akaongeza, "Nyamaza, mjukuu wangu. Gari lilichoka tu."

Jioni wajomba wengine wakamrukia anko. "Unaletaje gari la mchezo kwa matanga?" Akainamisha kichwa. Hakunitaja. Na mimi nikaendelea kuosha vikombe. Mpaka leo wanamtania hivyo.

Ndugu msomaji, ile namba kwenye kioo si ahadi. Uliza ilihesabiwa kwa njia gani, gari likiwa limebeba nani. Ukiwa hujui, sema hujui, hata kama wanakuita injinia. Na ukikosa, usimwache mwingine abebe lawama. Barua hii nitamsomea anko kabla ya wengine kuisoma.

Jumapili nilichota konzi moja ya udongo mlangoni kwa nyanya, nikaufunga kwa kitambaa, nikaenda Nyamarambe bila kumwambia mtu. Kaburini hapakuwa na mtu. Nikaumwaga upande wa kichwa, nikautandaza kwa kiganja mpaka ukachanganyika na ule mwingine.